Himalaya: Bahari Iliyogeuka Milima

Jiwe lililo juu kuliko mawe yote ya dunia ni jiwe la chokaa. Limo katika kilele cha Mlima Everest, mpakani mwa Nepal na China, meta 8,848.86 juu ya usawa wa bahari kwa kipimo kilichotangazwa na nchi hizo mbili mwezi Desemba 2020. Kipande cha jiwe hilo kikikatwa kiwe chembamba kama karatasi na kutazamwa kwa hadubini, huonekana ndani yake masalio ya viumbe wa baharini: magamba ya trilobiti, ambao walikwisha kutoweka duniani, na vipingili vya krinoidi, jamaa ya kiti cha pweza. Viumbe hao waliishi katika bahari yenye kina kifupi kiasi cha miaka milioni 450 iliyopita.

Wenyeji wa milima hiyo walikuwa na ushahidi wa namna hiyo mikononi mwao kabla elimu ya jiolojia haijaanza. Katika bonde la mto Kali Gandaki, nchini Nepal, maji huchimbua mawe meusi ya mviringo ambayo yakipasuliwa hukutwa na umbo la konokono lililojipinda. Wahindu huyaita shaligramu na kuyaheshimu kuwa ni alama ya mungu Vishnu. Mtaalamu wa jiolojia huyatambua kuwa ni masalio ya amonaiti, wanyama wa baharini waliokuwa na udugu na ngisi na pweza.

Basi ama bahari ilipanda hata ikafunika vilele, ama vilele vilitoka baharini. Neno la kwanza haliwezekani, kwa sababu dunia haina maji ya kutosha kwa kazi hiyo. Neno la pili ndilo kweli. Lakini namna lilivyotukia haikufahamika vizuri mpaka miaka ya 1960, na njia iliyowafikisha wataalamu hapo ilianza mahali pasipotarajiwa, yaani kwenye chombo anachokijua kila mwashi.

Timazi isiyovutika vya kutosha

Katika karne ya 19 utawala wa Waingereza nchini India ulikuwa ukiendesha upimaji mkubwa wa ardhi uliochukua miongo mingi. Wapimaji pamoja na wachukuzi wao, ambao majina yao hayakuandikwa vitabuni, walisafiri misituni na nyikani wakiwa na chombo cha kupimia pembe chenye uzito wa karibu nusu tani. Ni upimaji huo uliokipatia kimo chake kilele kilichoitwa wakati ule Namba 15. Hesabu zake zilifanywa mwaka 1852 na Radhanath Sikdar, mtaalamu wa hisabati kutoka Bengal. Kilele kikapewa jina la George Everest, aliyekuwa mkuu wa upimaji huo zamani na ambaye alikwisha staafu kabla ya hesabu hizo kufanyika. Historia ina mizaha yake.

Miongoni mwa vituo vya wapimaji vilikuwamo viwili, Kaliana upande wa kaskazini karibu na milima, na Kalianpur upande wa kusini, umbali wa kilometa 600 hivi kati yao. Umbali huo ulipimwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa kupima pembetatu moja baada ya nyingine juu ya ardhi. Njia ya pili ilikuwa kutazama nyota katika kila kituo na kukadiria latitudo yake. Ili kutazama nyota ipasavyo, mpimaji hana budi kujua wima ulipo, na wima huonyeshwa na timazi. Njia hizo mbili zilitofautiana kwa sekunde 5.236 za pembe, nyuzi moja ikiwa imegawanywa katika sekunde 3,600. Juu ya ardhi tofauti hiyo ni kiasi cha meta 160. Ni kidogo mno katika kilometa 600, lakini upimaji ule ulikuwa makini kiasi kwamba kosa la namna hiyo halikuweza kupuuzwa.

Shemasi mkuu wa kanisa la Kiingereza mjini Calcutta, John Henry Pratt, ambaye alikuwa hodari wa hisabati, aliona sababu. Kila kitu chenye uzito huvuta vitu vingine. Mlima mkubwa, kwa hiyo, huivuta timazi upande wake, nayo timazi ya Kaliana ilikuwa ikiegemea Himalaya. Pratt akaketi akakadiria uzito wa milima yote na uwanda wa Tibeti, kisha akahesabu timazi ingepaswa kuegemea kwa kiasi gani. Jibu lake la mwaka 1855 lilikuwa sekunde 15.885, yaani mara tatu ya tofauti iliyoonekana! Kitendawili kikageuka. Hapo kwanza watu waliuliza kwa nini timazi imevutwa; sasa ikawa lazima kuuliza kwa nini haikuvutwa zaidi. Mlima ulionekana kuwa mwepesi kuliko umbo lake.

Mwaka huo huo George Airy, mwanafalaki mkuu wa serikali ya Uingereza, alitoa maelezo mafupi ambayo yamedumu. Aliitaka akili ifikirie magogo yanayoelea majini. Gogo linalochomoza juu zaidi ya mengine ndilo lililozama zaidi. Ndivyo ilivyo kwa milima: miamba myepesi inayoonekana juu ina mzizi wa miamba hiyo hiyo iliyozama chini, ndani ya tabaka zito zaidi. Mzizi huo mwepesi umekaa mahali ambapo pangekuwa na mwamba mzito, na upungufu huo wa uzito ndio unaofuta sehemu kubwa ya mvuto wa mlima. Mtu wa pwani anaweza kufikiria majahazi mawili: lile kubwa lenye shehena kubwa huinua kilima cha mizigo juu ya sitaha, na wakati huo huo mkuku wake huzama zaidi.

Hesabu yake si ngumu. Senti-meta moja ya ujazo ya mwamba wa bara ina uzito wa gramu 2.7 au 2.8, na ile ya tabaka lililo chini ya gamba la dunia ina gramu 3.3. Kutokana na tofauti hiyo ndogo, kila kilometa moja inayoinuka juu huhitaji kilometa tano hivi za mzizi chini yake. Uwanda wa Tibeti una kimo cha karibu kilometa 5. Gamba la kawaida la bara lina unene wa kilometa 35 hadi 40. Likiongezwa kimo hicho pamoja na mzizi wake, chini ya Tibeti inapaswa kupatikana kilometa 70 hivi. Zaidi ya miaka mia moja baada ya Airy, mawimbi ya matetemeko ya ardhi yanayopita chini ya Tibeti yalipopimwa, unene uliopatikana ulikuwa huo huo, kiasi cha kilometa 70.

Nguvu ya kusukuma

Mzizi hueleza ni nini kinachoushikilia mlima usididimie. Hauelezi ni nani aliyeufanya gamba kuwa nene maradufu. Katika karne ya 19 wataalamu wengi walisema dunia inapoa na kusinyaa, na kwamba milima ni makunyanzi ya ngozi yake, kama yale ya tunda lililokaa siku nyingi juani. Maelezo hayo yalikuwa mepesi kueleweka lakini hayakuwa kweli. Kama dunia ingekuwa tunda linalosinyaa, makunyanzi yangeenea kila mahali. Kumbe milima mirefu imejipanga katika mistari michache, nayo sehemu kubwa ya mabara ni tambarare. Isitoshe, baada ya unururifu kugunduliwa mwaka 1896, ilibainika kwamba miamba yenyewe huzalisha joto ndani ya dunia, na kupoa kwake si jambo jepesi kama ilivyodhaniwa.

Mwaka 1912 Mjerumani Alfred Wegener alitangaza kwamba mabara huhama. Himalaya, kwa maoni yake, ilikunjwa na India ilipokuwa ikisukumwa kuelekea Asia. Miaka kumi baadaye Mswisi Emile Argand aliwaonyesha wanajiolojia waliokusanyika Brussels jinsi Asia nzima inavyoweza kusomwa kwa namna hiyo, India ikiwa imejipenyeza chini ya Tibeti. Wengi walisikiliza wasikubali. Nao hawakuwa wajinga, ingawa leo ni desturi kuwacheka. Walidai waonyeshwe nguvu inayoweza kulisukuma bara zima, na nguvu alizozitaja Wegener zilikuwa dhaifu mno kwa kazi hiyo.

Jibu lililoikaribia kweli lilitoka kwa Mwingereza Arthur Holmes mwishoni mwa miaka ya 1920. Alisema kwamba tabaka lililo chini ya gamba, ijapokuwa ni mwamba, hutiririka polepole sana kwa sababu ya joto, likipanda mahali pamoja na kushuka mahali pengine. Holmes aliijua Afrika Mashariki kwa kiasi fulani: mwaka 1911, akiwa kijana wa miaka 21, alikwenda Msumbiji kutafuta madini, akarudi kwao akiwa mgonjwa wa malaria na bila utajiri wowote, ila mkusanyo wa mawe. Habari za mawe hayo zitarudi hapa chini.

Ushahidi wenyewe ulitoka baharini. Baada ya Vita Kuu ya Pili sakafu ya bahari ilichorwa ramani kwa mara ya kwanza kwa ukamilifu. Ilionekana kwamba katikati ya bahari kuu ipo safu ndefu ya milima iliyopasuka, ambako sakafu mpya huzaliwa kutokana na mwamba ulioyeyuka, na kwamba sakafu hiyo husogea kwenda pande zote mbili. Harry Hess aliliandika wazo hilo mwaka 1962. Mwaka uliofuata Fred Vine na Drummond Matthews walionyesha kwamba usumaku wa miamba ya baharini unaliafiki. Kufikia mwaka 1968 nadharia ilikuwa imekamilika katika mambo yake makuu. Gamba la dunia, pamoja na sehemu ya juu ya tabaka lililo chini yake, limekatika vipande vikubwa viitwavyo mabamba, vyenye unene wa kilometa 100 hivi. Mabamba hayo huteleza juu ya mwamba wenye joto uliolegea. Yafaa ieleweke kwamba mwamba huo si uji wa moto kama watu wengi wanavyodhani. Ni mgumu kwa kugusa, lakini hujongea ukipewa muda, na muda ndicho kitu ambacho dunia haijapata kukikosa.

Sakafu ya bahari kadiri inavyozeeka hupoa na kuwa nzito, mwishowe hupinda na kuzama. Inapozama hulivuta bamba lote nyuma yake, na mvuto huo ndio nguvu kubwa ambayo wapinzani wa Wegener waliidai. Bara, kwa upande wake, ni jepesi, halizami. Katika tofauti hiyo moja, kati ya kinachozama na kisichozama, ndimo ilimo siri ya Himalaya.

Safari ya India

Kabla ya miaka milioni 180 iliyopita India ilikuwa imeungana na Afrika, Madagaska, Antaktika, Australia na Amerika ya Kusini katika bara moja kubwa liitwalo Gondwana. Wakati ule pwani ya Afrika Mashariki haikuwa pwani. Bara hilo lilipopasuka, Madagaska na India zilijitenga na Afrika, na maji yakaingia katikati. Mijusi mikubwa ambayo mifupa yake ilifukuliwa Tendaguru, mkoani Lindi, iliishi kando ya bahari hiyo changa miaka milioni 150 hivi iliyopita. Kisha, yapata miaka milioni 88 iliyopita, India iliiacha Madagaska na kushika njia ya kaskazini peke yake.

Mbele yake ilikuwako bahari ambayo mwanajiolojia Eduard Suess aliipa jina la Tethys. Sakafu ya Tethys ilikuwa ikizama chini ya ukingo wa kusini wa Asia, na kwa kuwa India ilikuwa imeunganika na sakafu hiyo, ilivutwa nayo kama mtumbwi uliofungwa kwenye kamba. Kwa muda fulani mwendo wake ulizidi sentimeta 15 kwa mwaka, mwendo mkubwa kwa kitu kama bara. Juu ya ukingo wa Asia sakafu iliyozama ilisababisha miamba kuyeyuka na volkeno kulipuka, kama inavyotokea leo katika milima ya Andes huko Amerika ya Kusini. Matale makubwa ya kusini mwa Tibeti ni mabaki ya volkeno hizo.

Kiasi cha miaka milioni 50 iliyopita bahari ikaisha. Mstari ambapo mabara hayo mawili yalishonwa unaonekana hata leo, nao unafuatwa kwa sehemu kubwa na mito Indus na Yarlung Tsangpo, huu wa pili ukiwa ndio Brahmaputra kabla haujapinda kuingia India. Katika mshono huo hupatikana vipande vya sakafu ya Tethys, miamba ya rangi ya kijani na nyeusi iliyoponyoka isizame, sasa ikiwa imekaa maelfu ya meta juu ya bahari yoyote.

India ilipunguza mwendo, lakini haikusimama. Leo inaendelea kusogea kuelekea Asia kwa sentimeta 4 hadi 5 kwa mwaka, mwendo usiozidi sana ule wa kucha za mtu zinavyokua. Hata hivyo, sentimeta 5 kwa mwaka zikizidishwa kwa miaka milioni 50 ni kilometa 2,500. Ardhi yenye upana huo ilibidi iende mahali fulani. Nyingine ilipenya chini ya Tibeti. Nyingine ilisukumiwa pembeni, kuelekea mashariki. Na nyingine ilibanwa, ikakunjika, ikakatika na kupandana.

Matabaka laini ya mashapo ya bahari yalijikunja kama mkeka uliosukumwa ukutani. Miamba migumu ya chini haikukubali kukunjwa kwa wepesi huo. Ilikatika vipande virefu vyembamba, kila kimoja kikapanda juu ya mwenzake, kama makuti yanavyolaliana juu ya paa. Nyufa kubwa zinazotenganisha vipande hivyo ni tatu, na kadiri mtu anavyotoka kaskazini kwenda kusini ndivyo anavyokuta ufa mchanga zaidi. Ule wa kaskazini ulianza kazi kiasi cha miaka milioni 20 iliyopita. Ule wa kusini kabisa, chini ya vilima vya Siwalik, unafanya kazi hata sasa. Vilima hivyo vimefanyizwa kwa kokoto na mchanga ulioporomoka kutoka Himalaya yenyewe, nao umekwisha kunaswa na kukunjwa. Mlima unakula kifusi chake.

Na lile jiwe la chokaa la kileleni? Lilikuwa ukingoni mwa kaskazini wa India, chini ya maji ya kina kifupi. Ukingo huo ndio uliotangulia kubanwa na kuinuliwa. Everest, basi, ingawa watu huiona kuwa ni lango la Asia, kwa miamba yake ni sehemu ya bara la India.

Maji dhidi ya mlima

Vipimo vya satelaiti vinaonyesha kwamba sehemu kadhaa za Himalaya huinuka kwa milimeta chache kila mwaka. Kama hakungekuwa na kizuizi, mlima ungeongezeka kilometa kadhaa katika kila miaka milioni moja. Hauongezeki hivyo, na sababu mojawapo inajulikana vizuri kwa mabaharia wa Afrika Mashariki. Pepo za kusi, zile zile zilizopeleka majahazi kutoka Zanzibar na Lamu hadi India na Ghuba, huchukua mvuke wa Bahari ya Hindi na kuumimina juu ya mitelemko ya kusini ya Himalaya. Maji na barafu huikwangua milima pasipo kupumzika. Mito Ganges na Brahmaputra huteremsha kiasi cha tani bilioni moja za udongo na mchanga kila mwaka. Mzigo huo umejenga delta ya Bangladesh, na uliobaki umetandaa katika sakafu ya Ghuba ya Bengal kwa urefu wa karibu kilometa 3,000, mahali pengine kwa unene unaozidi kilometa 15. Sehemu kubwa ya Himalaya, kwa hakika, imo baharini tayari.

Magogo ya Airy yanarudi hapa tena. Gogo likichongwa juu, huinuka kidogo majini. Vivyo hivyo mito ikiondoa mwamba, mzizi hupunguziwa mzigo na kuusukuma mlima juu. Kwa hiyo miamba iliyopikwa ndani sana hufika juu ya ardhi bila mlima kuongezeka kimo. Mlima Makalu, jirani ya Everest, umefanyizwa kwa matale meupe yaliyoyeyuka kilometa nyingi chini ya ardhi.

Deni la ardhi

Mambo haya yote yangekuwa ya kufurahisha akili tu kama hakungekuwa na watu chini ya milima hiyo. Katika nyanda za Ganges na mabonde ya Nepal, Bhutan, Pakistan na kaskazini ya India wanaishi mamia ya milioni ya watu, na ufa mkubwa umepita chini yao.

Katika zile sentimeta 4 hadi 5 za kila mwaka, kiasi cha sentimeta 2 hupokewa na Himalaya yenyewe. Lakini ufa hautelezi sentimeta 2 kila mwaka. Kutoka vilimani mpaka karibu kilometa 100 kaskazini umekwama kwa msuguano. India husukuma, mwamba hujipinda kama upinde, na mwendo huwekwa kama deni. Siku msuguano unaposhindwa, deni hulipwa kwa dakika moja au mbili. Ndivyo ilivyokuwa Kangra mwaka 1905, Bihar na Nepal mwaka 1934, Assam mwaka 1950, na Kashmir mwaka 2005, ambako watu zaidi ya 73,000 walikufa.

Tarehe 25 Aprili 2015, muda mfupi kabla ya adhuhuri, ufa ulikatika chini ya wilaya ya Gorkha nchini Nepal na mkato ukaenda mashariki kupita kaskazini ya Kathmandu. Tetemeko lilikuwa na ukubwa wa 7.8. Bonde la Kathmandu liliinuliwa kiasi cha meta moja, ilhali sehemu za milima mirefu kaskazini yake zilididimia, kwa maana upinde uliokuwa umeinama ulinyooka. Watu karibu 9,000 walipoteza maisha. Nyumba karibu nusu milioni zilianguka, nyingi kati yake zikiwa za mawe au matofali yaliyoshikamanishwa kwa udongo tu. Ilikuwa Jumamosi, na madarasa maelfu yaliyobomoka hayakuwa na watoto ndani. Shule za bonde la Kathmandu zilizokuwa zimeimarishwa kabla ya hapo zilisimama. Gharama ya kuziimarisha ilikuwa ndogo ikilinganishwa na ya kujenga upya.

Sehemu ya ufa iliyo kusini ya Kathmandu, karibu na vilima, haikukatika siku ile. Na magharibi ya Gorkha hali ni nzito zaidi. Huko tetemeko kubwa la mwisho linalojulikana lilitokea mwaka 1505. Sentimeta 2 kwa miaka 500 na zaidi ni meta 10. Hakuna chombo kinachoweza kutaja siku deni hilo litakapodaiwa, na yeyote anayejidai kuitaja hafai kusikilizwa. Kinachojulikana ni kiasi chake na mahali lilipo, na hayo mawili yamtosha mjenzi wa nyumba.

Himalaya ya Afrika Mashariki

Mtu akizungumza juu ya milima katika Afrika Mashariki, fikira huenda Kilimanjaro, Meru na Kenya. Hiyo ni volkeno, haina uhusiano na kugongana kwa mabara. Ruwenzori nayo, ingawa si volkeno, ni bonge la miamba ya kale lililoinuliwa katika Bonde la Ufa, ambako bara halibanwi bali linavutwa lipasuke. Hata hivyo, Afrika Mashariki iliwahi kuwa na milima ya namna ya Himalaya, na msingi wake ungalipo.

Mwaka 1951 Arthur Holmes, sasa akiwa mtu mzima mwenye sifa, alieleza kwamba miamba ya aina ile aliyoiona Msumbiji katika ujana wake ni sehemu ya ukanda mrefu unaopita Tanzania na Kenya kwenda kaskazini. Akauita Ukanda wa Msumbiji. Leo inafahamika kwamba ukanda huo ni mshono. Upande wa magharibi lilikuwako bara la kale, lenye matale ya Singida, Shinyanga na Mwanza ambayo umri wake unazidi miaka milioni 2,500. Upande wa mashariki zilikuwako nchi ambazo sasa zimo Madagaska na India. Bahari iliyokuwa katikati ilifungwa, na kati ya miaka milioni 650 na 550 iliyopita pande hizo zilibanana, zikainua milima kutoka Uarabuni hadi Msumbiji. Kwa hiyo India iligongana na Afrika zamani sana, kabla ya kuachana nayo na kwenda kugongana na Asia.

Milima hiyo ilimomonyoka yote. Uluguru, Usambara na Upare zinazoonekana leo ziliinuliwa baadaye sana kwa nyufa za ardhi. Si vilele vya milima ile ya kale. Lakini mawe yake ni ya mizizi. Katika Uluguru vito vidogo vyekundu vya ganeti, pamoja na madini yanayoambatana nayo, huwa kama kipimajoto kilichoachwa ndani ya mwamba. Vinaonyesha kwamba mwamba huo ulipikwa kwa joto la nyuzi 800 hivi za sentigredi, chini ya mgandamizo wa karibu mara elfu kumi wa ule wa hewa, yaani kina cha kilometa 35 au zaidi.

Bahari ile iliyofungwa nayo haikupotea bila kuacha alama. Chokaa yake imekuwa marumaru, na katika marumaru ya Mahenge na Matombo huchimbwa rubi. Tope lake jeusi lililojaa masalio ya viumbe limekuwa mwamba wenye kinywe, yaani grafiti. Na katika mwamba huo, huko Mirerani, mwaka 1967 yalipatikana mawe ya buluu yanayoitwa tanzanite, ambayo rangi yake hutokana na chembe za vanadi zilizokuwamo katika tope hilo.

Shimo refu kuliko yote lililopata kuchimbwa na binadamu, lile la Kola nchini Urusi, lilifika meta 12,262. Hiyo ni theluthi moja tu ya njia ya kufika kwenye miamba inayopikwa leo chini ya Tibeti. Mwanajiolojia anayetaka kuishika kwa mikono miamba ya namna hiyo na kuigonga kwa nyundo hawezi kuipata Lhasa wala Kathmandu. Huipata Morogoro, kandokando ya vijito vinavyoteremka kutoka Uluguru.